Uduvi, Kamba na Makombo ya Hoteli: Namna ya Kumlisha Mbwa wa Ulinzi Bila Kumdhuru



Mara nyingi hapa tunaongelea nyanya, vitunguu, kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa. Leo naongelea mbwa. Usicheke. Ukiwa na kuku mia tano bandani, au pampu na mipira ya dripu imelala shambani, anayekulindia mtaji wako usiku ni huyo mbwa. Akifa ghafla, hasara haiishii kwenye bei uliyomnunulia. Unarudi kuanza na mtoto wa mbwa, na itakuchukua mwaka mzima au zaidi kabla hajawa mlinzi wa kueleweka.

Swali ninaloulizwa na vijana wengi ni hili: "Bwana shamba, hivi mbwa anaruhusiwa kula uduvi na kamba?" (Naongelea kamba wa baharini, siyo ile ya kumfungia.) Mtu anaweza kushangaa, Kikwe na bahari wapi na wapi? Lakini ukiangalia vizuri, vitu hivi vinafika kwenye sufuria ya mbwa wetu kwa njia nne:

1. Uduvi wakavu wanaotoka pwani, wanaouzwa sokoni pembeni ya dagaa.
2. Dagaa wa mifugo kutoka Ziwa Victoria. Ndani yake mara nyingi kuna vijikamba vidogo vya maji baridi, maana vinanaswa na nyavu zilezile.
3. Makombo ya hoteli kutoka mjini Arusha na Usa River. Kijana anafuata makombo kwa ajili ya nguruwe, na mbwa naye anapata mgao. Humo ndani utakuta maganda ya kamba, miguu ya kaa, hata makombe ya chaza.
4. Mito na mifereji yetu ya umwagiliaji. Mbwa anajiokotea mwenyewe kaa wa mtoni na konokono.

Jibu fupi la swali ni ndiyo. Mbwa anaweza kula kamba, uduvi na kaa, mradi wameiva, wametolewa gamba, hawana chumvi wala viungo, na ni kidogo. Nyama yenyewe ni chakula kizuri: gramu 100 za kamba waliochemshwa zina karibu gramu 24 za protini na mafuta kidogo sana. Kinachoua mbwa mara nyingi siyo ile nyama, ni vile vinavyokuja pamoja nayo. Tuvichambue kimoja kimoja.

Gamba

Gamba la kamba au kaa halisagiki vizuri tumboni mwa mbwa. Ukimwangalia kamba mzima, kichwani ana mchomo mrefu kama sindano, na mkia wake una ncha kali. Mbwa wa ulinzi wengi hawatafuni, wanameza, hasa wakiwa wawili wanagombea sufuria moja. Gamba linaweza kukwama kooni, kuchana utumbo, au kujikusanya na kuziba njia. Makombe ya chaza ni mabaya zaidi kwa sababu ni magumu kama jiwe na kingo zake zinakata.

Kwa hiyo kamba mkubwa toa kichwa, gamba lote, mkia, na ule mshipa mweusi wa mgongoni. Kaa toa nyama tu, miguu na mgongo tupa. Uduvi huwezi kumenya, ni wadogo mno. Hao unawatwanga kwenye kinu au unawasaga mpaka wawe unga, ndipo wachanganywe kwenye chakula.

Chumvi na mchanga

Dagaa na uduvi wengi wa pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kwa binadamu anayeweka kijiko kimoja kwenye mboga siyo tatizo. Kwa mbwa anayekula bakuli zima kila siku, hapo ndipo shida inaanza.

Mbwa huanza kuonyesha dalili za sumu ya chumvi akila kama gramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Fanya hesabu: mtoto wa mbwa mwenye kilo 3, gramu 6 hadi 9 zinatosha kumletea matatizo. Hiyo ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi, au kimoja na nusu. Dalili ni kiu kali, kutapika, kuyumba kama mlevi, kutetemeka, mwisho degedege. Hatari huongezeka kama chombo cha maji kiko kikavu, na hili naliona sana kwenye mabanda: chakula kipo, maji hakuna.

Dawa yake ni rahisi. Loweka uduvi au dagaa kwenye maji mengi kwa nusu saa, mwaga maji, osha tena mara mbili. Kuloweka kunatoa pia mchanga, maana wengi wameanikwa chini. Usipoutoa, mchanga unajikusanya tumboni mwa mbwa siku baada ya siku. Halafu usiongeze chumvi kwenye chakula cha mbwa, na usitumie magadi kulainishia vichwa vya samaki. Maji ya upande huu wa Mlima Meru yana madini ya floraidi ya kutosha, na magadi nayo yanaongeza.

Mbichi na zilizooza

Kuna vijana wanaamini mbwa akila nyama mbichi anakuwa mkali. Ukali wa mbwa hautoki kwenye ubichi wa chakula, unatoka kwenye uzazi wake na namna unavyomlea. Ubichi unaleta vitu vingine.

Kwanza bakteria kama salmonela. Mbwa anaweza kubeba salmonela bila kuumwa, halafu akawa anaitoa kwenye kinyesi. Huyo huyo ndiye anayelala mlangoni kwa banda la kuku wako wa mayai. Mfugaji wa biashara anaelewa hapo namaanisha nini.

Pili, baadhi ya samaki na viumbe wa majini wenye gamba wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mbwa akila hivyo kwa wiki kadhaa anaanza kukosa hamu ya kula, anakonda, kisha anayumba na kupinda shingo. Moto unakiharibu kimeng'enya hicho, ndiyo maana nasisitiza kupika.

Lakini kupika kuna mipaka yake. Kamba aliyeoza ukimchemsha unaua bakteria, ila sumu nyingine walizokwisha kuzitengeneza zinabaki. Vivyo hivyo na ukungu. Uduvi waliopata unyevu wakaota ukungu usidhani jiko litawaokoa. Na usiangalie uduvi tu, angalia na unga. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka sana na sumukuvu, ambayo inakaa kwenye mahindi na pumba zilizohifadhiwa na unyevu, na haiondoki kwa kupika ugali. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa kwetu Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara. Kama inaua mtu, mbwa unayempa mahindi yaliyokataliwa jikoni atapona vipi? Mahindi yenye ukungu ni ya kufukiwa au kuchomwa. Usimpe mbwa.

Unapokuwa sokoni, iwe Tengeru siku ya Jumatano na Jumamosi au Kilombero mjini, kagua kabla ya kupimiwa sado. Uduvi wazuri ni wakavu, wanavunjika ukiwaminya, na wana harufu ya kawaida ya samaki. Ukikuta wamelowa, wanashikana, wana unga wa kijani au mweupe, harufu kali inayochoma pua, au harufu ya dawa ya wadudu, achana nao hata kama bei ni ya kutupa.

Makombo ya hoteli

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo ninapoona hatari kubwa. Kamba wa hotelini hajapikwa kwa ajili ya mbwa. Amekaangwa na vitunguu swaumu, siagi, pilipili, amechomekwa kwenye kijiti, amemwagiwa sosi.

Kitunguu maji na kitunguu swaumu vyote vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi, vimepikwa au vimekaushwa. Kwa kitunguu maji, kuanzia gramu 15 kwa kila kilo ya uzito damu huanza kuharibika, na kiasi kidogo kidogo cha kila siku nacho kinaleta madhara. Mbwa anaishiwa nguvu, ufizi unakuwa mweupe, mkojo unakuwa mwekundu au wa kahawia. Dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa, kwa hiyo mtu hakumbuki tena alimlisha nini, anasema amelogwa au amewekewa sumu na jirani.

Mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuvimbisha kongosho: mbwa anatapika, anainama mgongo kwa maumivu, hataki kuguswa tumbo. Vijiti vya mishikaki sina haja ya kuvieleza, vinatoboa.

Ushauri wangu: ndoo ya makombo isiwe ya mbwa. Kama unafuata makombo kwa ajili ya nguruwe, yachemshe yatokote angalau nusu saa huku ukikoroga, ili usije kuingiza homa ya nguruwe bandani. Mbwa mpikie sufuria yake. Ukitaka kamba kwa ajili yake, ongea na watu wa jikoni wakuwekee pembeni nyama ambayo haijaungwa.

Na yale maganda yaliyobaki? Usiyatupe hovyo, ni mali. Gamba la kamba na kaa lina chokaa na naitrojeni, na utandu wake mgumu, ambao wataalamu wanauita kitini, unachochea vijidudu vya udongo vinavyopambana na minyoofundo, wale wanaovimbisha mizizi ya nyanya. Yaponde, yachanganye kwenye mboji, na yafunike vizuri chini kabisa ya lundo. Ukiyaacha juujuu, mbwa atafukua usiku na utakuwa hujafanya kitu.

Kaa wa mtoni, konokono na sumu ya konokono

Mbwa anayezurura mtoni na kwenye mifereji atakula anachokuta. Kaa wa maji baridi wanaweza kubeba minyoo ya mapafu, na konokono wa nchi kavu wanaweza kubeba vijiminyoo vya panya vinavyoshambulia ubongo na uti wa mgongo wa mbwa. Siyo kila kaa wala kila konokono anao, ila kwa macho huwezi kujua. Mfunge mbwa mchana, mfungulie usiku ndani ya uzio, na umpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu.

Wakulima wa mboga sikilizeni hapa. Hatari inayoenda kasi kuliko konokono mwenyewe ni sumu yake. Zile punje za kuulia konokono na koa, zenye kiambato cha metaldehaidi, zimetengenezwa na pumba au nafaka ili konokono avutiwe. Mbwa naye anavutiwa. Akila, mara nyingi ndani ya saa moja hadi nne anaanza kuhangaika, kutetemeka, kukakamaa, na joto la mwili linapanda vibaya. Hakuna dawa maalumu ya kuibatilisha, daktari anapambana na dalili tu, kwa hiyo kila dakika ina thamani.

Hifadhi punje hizo juu, kwenye chombo chenye mfuniko. Shambani zisambaze moja moja kama lebo inavyoelekeza, usiweke kichuguu. Na siku hizo mbwa asikanyage kitalu.

Akikwama kooni, au ni kichaa?

Kipengele hiki msikipite. Mbwa amekula makombo yenye maganda. Kesho yake unamkuta anatoa mate, anashindwa kumeza, taya limelegea, sauti imebadilika. Mawazo ya kwanza ni kwamba gamba limekwama, ngoja niingize mkono nilitoe.

Usiingize mkono. Dalili hizo hizo ndizo za kichaa cha mbwa. Kichaa cha mbwa kipo Tanzania, na binadamu akishaanza kuonyesha dalili zake ni karibu sawa na kusema hakuna kupona. Virusi viko kwenye mate, na mchubuko mdogo kidoleni unatosha kuviingiza. Mfungie mbwa mahali asipoweza kumfikia mtu, mpigie daktari wa mifugo, na umwambie ukweli kama amechanjwa au la. Kama mate yake yameshagusa kidonda, au amekung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka. Mbwa mwenye chanjo hai ni rahisi hata kumtibu gamba lililomkwama, maana daktari naye anamsogelea kwa amani.

Dalili nyingine za kumkimbiza kwa daktari ni hizi:

- Anatapika kila anachokula, hata maji.
- Hajanya zaidi ya siku moja huku anakamua, au anakunya damu.
- Tumbo limejaa, ni gumu, analia ukimgusa.
- Uso na midomo imevimba, ana mabaka na anajikuna sana, au anapumua kwa shida. Hiyo ni mzio, kuna mbwa wanaokataliwa na kamba kama walivyo baadhi ya watu.
- Anatetemeka au amepata degedege.

Usimnyweshe maziwa, mafuta ya kula wala mayai mabichi kwa nguvu. Maziwa siyo dawa ya sumu, na mbwa mwenye degedege anaweza kuyavuta mapafuni. Usimlazimishe kutapika pia, gamba linaweza kumchana likirudi. Chukua pakiti ya alichokula, au mabaki yake, nenda nayo.

Mpishie hivi

Mbwa wa ulinzi wa kilo 25 hivi, asiye mjamzito wala anayenyonyesha, anaweza kuanzia na kiasi hiki kwa siku:

- Unga wa dona safi, gramu 200
- Dagaa wakavu waliolowekwa na kuoshwa, gramu 100 (pima kabla hujaloweka)
- Mchicha au karoti, kiganja kimoja
- Mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chakula

Chemsha dagaa kwanza dakika 15, weka mboga, kisha unga, na uache uive vizuri. Mafuta weka mwisho. Poza, gawa asubuhi na jioni, jioni iwe kidogo ili usiku asilale fofofo. Akikonda ongeza, akinenepa punguza.

Uduvi waingize hivi: mara mbili kwa wiki, toa gramu 30 za dagaa, weka gramu 30 za uduvi walioloweka, kuchemka dakika 10 na kutwangwa. Kama umepata kamba wabichi, menya, chemsha kwa maji matupu mpaka wageuke rangi ya waridi na nyama iwe nyeupe ndani, wakatekate, mpe watano au sita wa wastani, mara moja au mbili kwa wiki. Vitu vya nyongeza namna hii visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

Mara ya kwanza mpe kipande kimoja tu, asubuhi, ili uwe macho kama atavimba au kuharisha. Watoto wa mbwa chini ya miezi mitatu waache na chakula walichozoea. Na maji safi yawepo muda wote, bakuli lioshwe kila siku.

Mwisho nawaomba kitu kimoja. Tunapopiga hesabu ya mradi tunaandika vifaranga, chanjo, chakula cha kuku, umeme, usafiri. Mbwa hatumwandiki, ndiyo maana anaishia kula kilichobaki na kilichooza. Mwandikie mstari wake kwenye daftari: dona, dagaa, dawa ya minyoo, chanjo. Ukijumlisha kwa mwaka mzima, linganisha na thamani ya kuku wako bandani, halafu uamue mwenyewe kama ni gharama au ni ulinzi.

Mwenye swali aniulize tukikutana ofisi ya kata au shambani. Na wa mbwa ambao hawajachanjwa, muulizeni afisa mifugo ratiba ya chanjo wiki hii hii. Kazi njema.